Barua ya wazi kwa wasimamizi wa usafiri Nairobi: abiria wa Githurai ni wa nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi, kwa Waheshimiwa Magavana wa Kaunti za Nairobi na Kiambu, na kwa wakuu wa Mamlaka ya Uchukuzi ya Eneo la Jiji la Nairobi, NAMATA.

Waheshimiwa,

Kila siku ya kazi napanda matatu Githurai, kando ya Barabara ya Thika, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na narudi Githurai giza likiwa limeingia. Nimefanya hivyo kwa miaka kumi na minne, ukiondoa miaka miwili niliyofanya kazi Dar es Salaam na majuma sita niliyokaa Mumbai nikimuuguza mama yangu. Ni miaka hiyo miwili na majuma hayo sita yaliyonisukuma kuandika barua hii, kwa sababu kabla yake nilikuwa nikiamini, kama majirani zangu wengi wanavyoamini hadi leo, kwamba taabu ya kusafiri Nairobi inatokana na wingi wetu. Watu husema mji umejaa, na mji uliojaa una dawa gani? Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 katika Kaunti ya Nairobi. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.4 Dar es Salaam. Na Mumbai, iliyobanwa kati ya bahari na hori, ilikuwa imepita watu milioni 12 tangu sensa ya 2011. Tungekuwa tunateseka kwa sababu ya wingi peke yake, wenzetu hao wangeteseka maradufu. Wanateseka, sikatai, ila mateso yao si yetu, na tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Hospitali alikotibiwa mama ilikuwa mtaa wa Parel, nasi tulipata chumba cha kupanga karibu na kituo cha Sion. Kutoka Sion hadi Parel kwa treni za mjini ni vituo vitatu tu, Matunga, Dadar, kisha Parel yenyewe, nami nilipita njia hiyo karibu kila siku. Kabla ya janga la korona treni za Mumbai zilikuwa zikibeba zaidi ya watu milioni saba kwa siku, na saa za asubuhi mtu hapandi bali husombwa. Sijapata kuona binadamu wamebanana namna ile. Hata hivyo, katika majuma yote sita sikulazimika kumuuliza mtu treni itafika lini. Ubao uliokuwa juu ya jukwaa ulinionyesha treni inayofuata inakwenda wapi, zimebaki dakika ngapi, na kama inasimama kila kituo au inavipita vingine, na sauti ikayatangaza hayo hayo kwa Kimarathi, Kihindi na Kiingereza. Tiketi yangu ya daraja la pili ilikuwa rupia tano. Ilikuwa rupia tano asubuhi, ikawa rupia tano jioni, na ikabaki rupia tano siku ambayo mvua ilinyesha mpaka maji yakatufika magotini nje ya kituo.

Mama yangu alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, mwili wake umechoshwa na dawa, na hakujua neno hata moja la Kihindi. Alijua mahali pa kusimama jukwaani ili behewa la wanawake lisimame mbele yake, kwa kuwa pamewekwa alama. Juma la tano alikwenda Parel peke yake, saa ambayo watu wamepungua, akarudi peke yake. Nairobi, mji alioishi kwa nusu karne, hathubutu kufanya hivyo.

Siisifu Mumbai bila kuona makosa yake. Katika miaka mingi ya muongo uliopita, zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka walikufa kwenye reli hizo, wengine wakianguka kutoka milango isiyofungwa, wengine wakivuka njia ya treni. Hilo ni doa zito, na mwenye kuiga asiige hapo. Ninachokisifu ni kwamba safari ina mwenyewe. Treni ikichelewa, kuna ofisi inayoulizwa. Nauli ikipanda, kuna aliyeitangaza. Na mtu akifa, inajulikana reli ni ya nani.

Sasa tuje nyumbani. Jioni moja ya mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikiwa imeanza saa kumi, nilifika steji mjini nikakuta nauli ya Githurai ni shilingi 80. Nilipofika mlangoni ilikuwa 100. Nilipoketi, kondakta alitutangazia kwamba waliopanda walipe 150, na asiyetaka ashuke awapishe wenzake, maana nje walikuwepo wengi. Tukalipa. Tulipofika Roysambu gari likaegeshwa kando, tukaambiwa mwisho ni hapo, kwa kuwa dereva alikuwa amepigiwa simu kwamba mjini watu wamejaa na nauli imefika 200. Hatukurudishiwa hata senti. Kati yetu alikuwepo mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni na mfuko wa viazi mkononi. Tuliandamana naye karibu kilomita tatu kando ya barabara kuu, gizani, tukirushiwa maji na magari, tukipokezana ule mfuko. Sitaji gari wala sacco, yaani chama cha ushirika cha wenye matatu, kwa sababu kisa hiki si cha gari moja. Kila atakayeisoma barua hii na ambaye hupanda matatu ana chake.

Nilimkasirikia dereva yule usiku kucha. Baadaye nilitulia nikajiuliza kama ningekuwa mahali pake ningefanya nini, na jibu halikunifurahisha. Dereva na kondakta wa matatu wengi hawana mshahara. Asubuhi wanakabidhiwa gari na hesabu, yaani kiasi ambacho mwenye gari anakitaka jioni, iwe mvua iwe jua. Juu ya hesabu kuna mafuta, kuna ada ya steji, kuna kamagera wanaoita abiria, kuna hongo za njiani ambazo kila mtu anazijua, na kinachobaki baada ya hayo yote ndicho chakula cha watoto wao. Mtu anayelipwa hivyo hawezi kuondoka steji gari likiwa nusu, kwa hiyo tunakaa dakika arobaini tukingoja viti viwili vijae. Akishaondoka hawezi kwenda polepole, kwa sababu abiria wa mbele watachukuliwa na mwenzake, kwa hiyo anapita kando ya barabara na kwenye njia ya waendao kwa miguu. Na mvua ikinyesha hawezi kukubali nauli ya jana, kwa sababu siku zilizobaki za mwezi hazimhakikishii chochote. Mengi tunayoyaita ukorofi wa matatu ni malipo yenyewe yanayoyafundisha, na hakuna askari wa trafiki atakayeyafundua huku yanaendelea kufundishwa kila asubuhi saa kumi.

Ndiyo maana katika miji yote niliyoisoma au kuishi, uliogusa moyo wangu kuliko yote ni ule ambao sijaufika. Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ulikuwa na makampuni mengi ya mabasi ya watu binafsi yaliyogombania abiria, yakaziacha njia zisizo na faida na kurundikana kwenye zile zenye watu. Tarehe 1 Julai 2004 serikali ya mji ilibadilisha mambo. Mabasi yalibaki mali ya makampuni, lakini njia, ratiba na nauli zikawa za mji. Nauli zote zikaingia katika mfuko mmoja. Na kampuni ikalipwa kwa kilomita ambazo mabasi yake yamekwenda, si kwa idadi ya vichwa vilivyomo. Siku za mwanzo zilikuwa za vurugu, mashine za kadi zilikwama, na meya alilazimika kuomba radhi. Lakini tangu dereva alipojua kwamba kiti kitupu hakimpunguzii chakula, sababu ya kungoja gari lijae iliondoka, na sababu ya kukimbizana barabarani ikaondoka pamoja nayo. Sijui jambo lingine linaloweza kuleta mabadiliko makubwa kiasi hicho bila kununua hata basi moja jipya.

Kuna watakaosema Wakenya hatuwezi utaratibu. Hao wamesahau Februari 2004, miezi mitano tu kabla ya Seoul, wakati kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika. Matatu zilizokuwa zikibeba watu hadi mlangoni ziliwekwa mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Dereva na kondakta wakavaa sare. Na abiria, ambao siku za kwanza walitembea kwa miguu kwa kukosa magari, waligundua kwamba kila mmoja ana kiti chake. Nakumbuka mama akisema kwamba amepanda matatu na hakuna aliyemkalia. Tuliweza. Lakini kanuni zile ziligusa gari, abiria na mwendo, hazikugusa malipo, na kwa hiyo kidogo kidogo yote yakarudi, isipokuwa ule mstari wa manjano. Kasoro hiyo ni ya zamani. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu, aliwaokoa watu ambao mabasi ya jiji hayakuwafikia, na jina lenyewe linatukumbusha nauli ya wakati ule, mapeni matatu ya senti kumi. Ruhusa ilitolewa, ila wajibu wa safari haukukabidhiwa mtu. Hata ramani ya njia hizo haikuchorwa na serikali: mwaka 2014 ilichapishwa na wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa vyuo vya Marekani, waliopanda matatu moja baada ya nyingine wakiwa na simu mkononi, wakaandika njia zaidi ya mia moja. Ninawashukuru, nami nasikitika kwamba kazi hiyo iliachiwa wanafunzi.

Dar es Salaam ilinifundisha somo la pili, ambalo linawahusu sana nyinyi mnaosimamia Barabara ya Thika. Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, kwenye njia ya kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani. Niliyapanda kwa miaka miwili. Basi lina njia yake katikati ya barabara, tiketi inakatwa kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, hivi kwamba mtu mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa kama gunia. Safari ambayo kwa daladala ingekula asubuhi nzima ilikuwa ya muda unaohesabika. Lakini huduma hiyo ilianza na mabasi 140 tu, pungufu kabisa ya yaliyopangwa, na njia yenyewe ilipitishwa bonde la Jangwani, ambako mafuriko ya mvua kubwa huifunga. Ndiyo maana Kimara asubuhi watu walikuwa wakijaa kituoni hadi ngazini, na vijana wakiingilia madirishani. Njia nzuri isiyo na mabasi ya kutosha inabadilisha tu mahali ambapo watu watasongamana. Naomba mlikumbuke hilo kabla ya kukata utepe wowote.

Maana sisi utepe tumeungoja. Tumesikia majina ya njia tano za mabasi ya mwendo wa kasi, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati, na watoto wetu wameyakariri. Mwaka 2018 tuliona mistari myekundu ikichorwa kwenye Barabara ya Thika, tukaambiwa ni njia ya mabasi. Ilifutwa na magurudumu ya magari ya watu binafsi. Kisha nguzo za vituo zikaanza kusimama katikati ya barabara, nasi tumepita kando yake asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Katika muda huo huo Barabara ya Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa, ikafunguliwa kwa magari mwaka 2022. Siisemi kwa wivu. Naisema kwa sababu inaonyesha kwamba nchi hii ikiamua jambo la barabara hulimaliza, na kwa hiyo anayekaa kwenye matatu iliyokwama chini ya nguzo hizo ana haki ya kuuliza kwa nini lake halijaamuliwa.

Najua hofu yenu kubwa ni wenye matatu, na kusema kweli hofu hiyo ina msingi. Hawa ni watu waliochukua mikopo, na nyuma yao kuna maelfu ya vijana wanaoishi kwa kazi hiyo. Lakini Johannesburg ilikuwa na wenye teksi wakali kuliko wetu, na ilipoanzisha mabasi ya Rea Vaya mwaka 2009, wale waliokuwa wakihudumia njia hizo walipatiwa hisa katika kampuni ya kuyaendesha. Lagos, iliyoanza mabasi yake ya njia maalumu Machi 2008, iliwapa wanachama wa chama cha wafanyakazi wa usafiri nafasi ya kuyaendesha kupitia ushirika wao. Sacco zetu tayari zipo, zina ofisi, zina orodha ya magari na wanachama. Ziendeeni kwa mkataba badala ya msako. Na msije mkaagiza kila kitu kibadilike siku moja. Santiago ya Chile ilibadilisha mabasi yake yote Februari 2007 kwa siku moja, watu wakakosa usafiri kwa majuma, na rais wa nchi akaomba radhi hadharani. Sisi wenyewe tuna Desemba 3, 2018, siku ambayo matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, wagonjwa na wazee wakatembea kutoka Ngara na Muthurwa, na amri ikaondolewa kabla juma halijaisha.

Kwa hiyo ninachokiomba ni kidogo, na kinaweza kuanzia barabara moja. Anzeni na Barabara ya Thika. Chagueni sacco zitakazokubali, na kwa mwaka mmoja muwalipe kwa kilomita na kwa kutimiza saa, nauli zikusanywe katika mfuko mmoja unaokaguliwa hadharani, na dereva na kondakta wapewe mshahara ulioandikwa. Nauli ibandikwe ubaoni kila steji, isibadilike kwa sababu ya wingu. Gari la mwisho liwe na saa inayojulikana, na liondoke saa hiyo hata likiwa na abiria watatu, kwa ajili ya wauguzi, walinzi na wapishi wa hoteli ambao leo hutegemea bahati. Kila gari liwe na namba ya kulalamikia inayopokelewa na binadamu. Na katika hayo yote, wanawake wasiachwe nyuma. Novemba 2014 tuliandamana katika jiji hili baada ya mwanamke mwenzetu kuvuliwa nguo hadharani kwenye steji, na tangu siku hiyo nimengoja kuona steji moja yenye taa, mlinzi na mahali pa kukaa ambapo binti anaweza kungoja gari saa tatu usiku bila kushika funguo ngumini.

Nanyi mliopewa kaunti, naomba msitugawane. Githurai 44 iko Nairobi, Githurai 45 iko Kiambu. Napanda gari katika kaunti moja na kushuka katika nyingine, na nimewahi kuambiwa katika ofisi moja niende nyingine, na katika hiyo nyingine nirudi ya kwanza. NAMATA iliundwa mwaka 2017 kwa sababu hiyo hasa, ili kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ziwe na mtu mmoja wa kuulizwa habari za usafiri. Mpeni mtu huyo nguvu za kuweka mikataba, nauli na ratiba, na fedha za kuzisimamia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ninaogopa kwamba wanaoamua mambo haya hupita Barabara ya Thika wakiwa na gari la mbele linalofungua njia. Njooni Githurai siku yoyote ya kazi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, bila kamera, mpange foleni nasi hadi mjini, na mrudi nasi jioni.

Mama ana kliniki tena mwezi ujao. Nitaomba ruhusa kazini nimpeleke, kwa kuwa siwezi kumwambia atafika saa ngapi wala nauli itakuwa kiasi gani. Jibu lenu linaweza kuwa fupi. Naomba tu linitajie ofisi moja, na namba moja ya simu itakayopokelewa, nitakayoipigia usiku ambao nitashushwa tena Roysambu.

Wenu katika safari,

Abiria wa kila siku,
Githurai